Kwa Nini Watu Wapenda Albamu za Madijei

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Baadhi yenu mlikuwamo ukumbini katika mdahalo wa muhula huu, ilipoletwa hoja isemayo kwamba dijei si mwanamuziki, bali ni mtu apigaye santuri za wenzake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga hoja hiyo, nasi tulishindwa. Sina kinyongo na waliopiga kura. Nilipewa dakika tano, na nilizitumia vibaya, kwa maana nilianza na historia na kengele ikalia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Bwana Mhariri amekuwa mwema kunipa kurasa hizi, na safari hii nitaanza na jambo lenyewe.

Ulimwenguni kuna watu wengi wapendao muziki wa dansi utengenezwao kwa mashine za umeme, yaani hausi, tekno na jamii zake. Miongoni mwao wamo wazipendao mno albamu za namna moja, nazo ni albamu za miksi. Albamu ya miksi si mkusanyo wa nyimbo tu. Ni nyimbo za watu mbalimbali, kumi, ishirini, hata thelathini, zilizochaguliwa na dijei mmoja, zikapangwa kwa utaratibu aliotaka yeye, kisha zikaungwa moja na nyingine hata pasiwe na kimya popote toka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mtu mwenye simu aweza kusikiliza miksi elfu bila kuzinunua. Hata hivyo wako watu wazima, wenye watoto wakubwa, ambao wangali wanazitunza albamu za miksi walizonunua zaidi ya miaka 20 iliyopita, na wakipoteza moja huitafuta kwa wauzao vitu vikuukuu mpaka waipate. Yafaa tujiulize wapendacho ni nini, maana nyimbo zenyewe wangeweza kuzipata moja moja.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu hao. Alikuwa mpishi melini. Mwaka 1997 meli yao ilipokuwa ikipakua mizigo Uingereza, aliingia katika duka la santuri akanunua albamu iitwayo Northern Exposure, iliyotolewa mwaka 1996 na madijei wawili wa nchi hiyo, Sasha na John Digweed. Ndani yake mna CD mbili, moja yaitwa Kaskazini na nyingine Kusini. Asema aliinunua kwa ajili ya majina hayo, kwa kuwa baharini ni maneno ya kazi, wala hakujua madijei hao ni nani. Kazi yake ilikuwa kukanda unga wa mkate saa tisa za usiku, wenzake wakiwa wamelala. Aliufunika unga uumuke, akawasha CD ya Kaskazini, na ilipokwisha, baada ya saa moja na dakika kadhaa, unga ulikuwa tayari kuingia jikoni. Kwa miaka mingi hakutumia saa nyingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mkate una muziki wake.

Sasa tuitazame kazi ya dijei. Mbele yake mna vinanda viwili vya santuri, na katikati mna mashine ya kuchanganyia sauti iitwayo miksa. Santuri ya kwanza hupigwa watu wakaisikia. Ya pili huisikia yeye peke yake kwa visikilizio vya masikioni. Jambo la kwanza ni kulinganisha mwendo. Tuseme wimbo unaosikika una mapigo 124 kwa dakika, na ule ujao una mapigo 120. Tofauti ni 4, nayo ni kama asilimia 3.3 ya 120, basi hana budi kuiongeza mbio santuri ya pili kwa kiasi hicho. Kinanda kiitwacho Technics SL-1200MK2, kilichotoka Japani mwaka 1979 na ambacho madijei walikipenda kupita vingine, kina kishikio kinachosukumwa mbele na nyuma, ambacho huongeza au kupunguza mwendo hata asilimia 8. Lakini sahani izungukayo upesi hutoa mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, kama tulivyosoma katika Fizikia, na hivyo sauti nayo hupanda. Asilimia 6 hivi ni sawa na kutoka noti moja ya piano hadi ile iliyo jirani yake. Kwa hiyo dijei mwenye busara huchagua nyimbo ambazo mwendo wake haukupishana sana tangu mwanzo, asije akamfanya mwimbaji mwanamume alie kama kifaranga.

Akikosea kidogo tu, itakuwaje? Tuseme wimbo mmoja una mapigo 120 na mwingine 121. Kosa la pigo moja kwa dakika laonekana dogo. Lakini nusu dakika ikipita, wa kwanza umepiga mara 60 na wa pili mara 60 na nusu, na hapo kila pigo la huyu laangukia katikati ya mapigo ya yule, utadhani punda wawili wanakimbia juu ya sakafu ya mbao. Mnaweza kulijaribu bwenini. Mmoja apige makofi kwa mwendo usiobadilika, na mwenzake apige upesi kidogo kuliko yeye. Mwanzo watakuwa pamoja, kisha wataachana, kisha watakutana tena, kisha wataachana. Sisi tulijaribu baada ya taa kuzimwa, na kiranja akatuandika majina.

Mapigo yakiwa sawa, kazi bado. Nyimbo za namna hii hupangwa kwa mafungu ya mapigo manne manne, na mara nyingi jambo jipya huingia kila baada ya mafungu manane, yaani mapigo 32. Kwa mwendo wa mapigo 128 kwa dakika, mapigo 32 huchukua sekunde 15 barabara. Dijei huuanzisha wimbo wa pili mwanzoni mwa fungu kubwa kama hilo, ili ngoma ya mmoja ikipumzika, ya mwingine iamke mahali pale pale. Halafu kuna sauti za chini, za besi. Besi mbili hazikai nyumba moja, zitavuma na kuharibiana. Basi dijei huipunguza ya wimbo ujao kwa kitufe, akangoja, kisha kwa mara moja huitoa hii na kuiingiza ile. Msikilizaji hasemi neno, ila miguu yake yajua.

Kati ya hapo wimbo wa pili ulipoanza na hapo wa kwanza unapotoweka, pengine hupita dakika moja, pengine mbili au tatu. Katika muda huo twasikia kitu ambacho hakimo katika santuri ya kwanza wala ya pili. Ngoma ni ya huyu, sauti ya mwanamke ni ya yule, na kinanda cha huyu chajibu filimbi ya yule, ingawa waliozitengeneza hawakuonana. Ni wimbo wa tatu, na huo hauuzwi peke yake mahali popote. Ukiupenda, huna budi kuwa na albamu ile. Na mtu akiisha kuizoea albamu, masikio yake hayaukubali tena wimbo wa kwanza bila wa pili. Mjomba akisikia redioni wimbo mmoja uliomo katika Kaskazini, hunyamaza unapokaribia mwisho, akingoja ule ufuatao uingie. Redio huleta matangazo ya biashara. Mjomba hutikisa kichwa.

Jambo hili nililifahamu sawasawa kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka jana mjomba aliniazima CD zake zote mbili nizilete hapa shuleni kwa ajili ya Chama cha Muziki. Mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja, aliomba azinakili kwa kompyuta. Sikuona ubaya. Alitoa nakala nzuri kwa macho, ameandika na majina kwa kalamu. Tulipoipiga, wimbo wa kwanza ulikwenda, na ulipokuwa unaanza kuungana na wa pili, kimya! Sekunde mbili. Kisha wimbo mwingine ukadakia, tena si ule uliopasa, kwa maana kompyuta ilizipanga nyimbo kwa alfabeti. Katika CD ya miksi mgawanyo wa nyimbo ni alama tu zilizowekwa juu ya sauti moja isiyokatika, kama alama za kilomita barabarani. Mashine ile ilizifanya kuwa kuta, ikaacha nafasi ya sekunde mbili kila ukuta. Hakuna wimbo hata mmoja uliopungua. Yote yalikuwamo, lakini albamu haikuwamo. Wenzangu waliokuja kusikiliza kwa mara ya kwanza walisema muziki wenyewe si kitu, nami nadhani wengine kati yao ndio waliopiga kura upande ule.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. CD ya Kusini ilirudi kwangu imekwaruzika. Nitalieleza mbele.

Historia nitaipita mbio, kwa kuwa ndiyo iliyoniponza. Zamani miksi haikuhifadhiwa. Francis Grasso, aliyepiga santuri katika klabu ya Sanctuary mjini New York, jengo ambalo kabla ya hapo lilikuwa kanisa, alijulikana tangu mwaka 1969 na 1970 kwa ustadi wa kuunga nyimbo mapigo yakiwa pamoja. Watu walicheza, kukakucha, kisibaki kitu. Katika miaka ile ile ya 1970 Mmarekani mwingine, Tom Moulton, ambaye hakuwa dijei wa klabu, alishika wembe akakata na kuunga kanda za sauti. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kanda yake ya kwanza, ya dakika 45, ilimchukua saa 80. Mwaka 1975 upande mzima wa kwanza wa albamu ya Gloria Gaynor, Never Can Say Goodbye, ulikuwa nyimbo tatu alizoziunga zikawa moja ya dakika 19 hivi. Mwaka 1981 Grandmaster Flash alitoa santuri ya dakika 7 iliyotengenezwa kwa vinanda vitatu na santuri za wengine. Na huko Chicago, katika klabu ya Warehouse ambako Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977, muziki wa hausi ndiko ulikopata jina lake.

Santuri ya kawaida hupinduliwa baada ya dakika ishirini na kitu, na kaseti ya dakika 90 hupinduliwa baada ya 45. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huchukua dakika 74 bila kuguswa. Kwa maoni yangu albamu ya miksi ni mtoto wa CD. Uingereza katika miaka ya mwanzo ya 1990 kanda za madijei zilizagaa zikiuzwa bila ruhusa ya wenye nyimbo, ndipo kampuni zikaona ni heri kuomba ruhusa na kuuza kwa halali. Mwaka 1994 klabu ya Renaissance ya mji wa Mansfield ilitoa The Mix Collection, CD tatu za hao hao Sasha na Digweed, na tangu hapo mlango ukawa wazi.

Yapo mambo mawili ambayo wapenzi wa albamu hizi hubishana, nami napenda kuyataja kwa sababu yanaonyesha kwamba wanasikiliza kwa makini. Jeff Mills wa Detroit alipiga Tokyo, katika klabu ya Liquid Room, mwezi wa Oktoba 1995, na kazi hiyo ikatolewa mwaka uliofuata. Alitumia vinanda vitatu, akapitisha zaidi ya nyimbo 30 katika muda wa saa moja na kitu. Makosa madogo yamo, na kelele za watu zimo. Kwa upande wa pili yuko Richie Hawtin, aliyetoa mwaka 2001 albamu iitwayo DE9: Closer to the Edit. Huyu alikata vipande kutoka katika nyimbo zaidi ya 100, akavijenga upya ndani ya kompyuta kama mwashi ajengaye kwa mawe ya nyumba nyingi zilizobomolewa, ikawa kazi ya dakika 53. Hamna kosa hata moja. Wengine husema hiyo ndiyo miksi bora, wengine husema bila jasho hamna miksi. Mimi nimezisikia zote mbili kwa mjomba wakati wa likizo, nami ni wa upande wa Mills. Kila akiunga unaogopa kwamba safari hii mapigo yatamponyoka, na asipoponyokwa unafurahi pamoja naye.

Utaratibu wa nyimbo nao wapendwa. Hapana fundi aanzaye ngoma kwa kishindo. Katika Kaskazini mwanzo ni mpole, karibu hauna ngoma, na mtu mwenye haraka atadhani mashine imeharibika. Kisha mapigo yaja taratibu, yapanda, yapumzika, yapanda tena. Dijei wa klabu hutazama watu waliopo usiku ule akageuza safari kwa ajili yao. Dijei wa albamu hana wa kumtazama. Hana budi kufikiri juu ya mtu asiyemjua, atakayesikiliza mara mia, pengine garini, pengine kitandani, pengine akikanda unga katikati ya Bahari ya Hindi. Ndiyo maana naona miksi itengenezwayo kwa albamu na miksi ya usiku mmoja si kazi moja, ijapokuwa mikono ni ile ile.

Tena kuna majina. Katika mtaa wa Bronx mjini New York, dijei Kool Herc aliloweka santuri zake majini ili karatasi za katikati zibanduke, wenzake wasijue apiga nini. Siri hiyo ilikuwa mali. Albamu ya miksi hufanya kinyume: juu ya karatasi ya ndani huchapwa jina la kila wimbo na la mwenye wimbo. Mjomba alikuwa na daftari la mapishi, na nyuma ya daftari hilo alinakili majina yote ya Northern Exposure, akayauliza katika maduka ya kila bandari. Mengine aliyapata, mengine hakuyapata, kwa kuwa nyimbo nyingi za namna hii zilitolewa kwa santuri chache zilizokusudiwa madijei tu. Kwa mtu wa kawaida albamu ya miksi ndiyo ilikuwa njia ya pekee ya kuzisikia.

Wako pia wapendao umbo lenyewe. Klabu ya fabric ya London, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilianza mwaka 2001 kutoa CD ndani ya makopo ya bati, kwa mifululizo miwili iliyopokezana mwezi kwa mwezi, kila kopo na namba yake. Mifululizo yote miwili ilifika 100 mwaka 2018. Mtu mwenye makopo 99 akikosa moja halali usingizi. Nadhani waliopata kukusanya stempu watamwelewa. Mfululizo wa DJ-Kicks wa kampuni ya !K7 ya Berlin, ulioanza mwaka 1995, ulikuwa ungali unatoa albamu mpya katika miaka ya 2020, ingawa miksi za bure zimekuwa kama mchanga wa pwani. Na kwa kweli wingi huo ndio ulioipa albamu thamani. Penye miksi elfu, mtu hutaka moja ambayo dijei aliifikiria kwa miezi na kuitia jina lake.

Sasa nirudi kwa msemaji wa kwanza wa upande ulioshinda, kwa sababu alisema neno ambalo sikulijibu. Alisema mtunga wimbo ametoka jasho, na dijei hula jasho hilo. Hapo ana haki nusu. Mabasi yetu yaendayo mikoani huonyesha miksi za video, na jina la dijei husikika kila baada ya sekunde chache likipigiwa kelele juu ya sauti ya mwimbaji, lakini jina la mwimbaji pengine halionekani mpaka mwisho wa safari. Mimi hufurahi ndani ya basi kama abiria wengine, ila nikijiuliza kama mwimbaji amelipwa, furaha hupungua. Albamu ya halali ni jambo jingine. Kila wimbo huombwa kwa mwenyewe. Ndugu wawili wa Ubelgiji, David na Stephen Dewaele, wajulikanao kama 2 Many DJ's, walitoa mwaka 2002 albamu iitwayo As Heard on Radio Soulwax Pt. 2, nao walieleza hesabu ya maombi yao. Waliomba nyimbo 187. Waliokubali ni 114, waliokataa ni 62, na 11 wenyewe hawakupatikana. Fikirini kazi hiyo ya barua na simu, kwa ajili ya santuri ya saa moja tu.

Lakini ruhusa hizo zina ubaya wake, na ubaya huo ndio sababu kubwa ya watu kuzishika CD zao kwa mikono miwili. Mara nyingi ruhusa hutolewa kwa miaka fulani, au kwa nchi fulani. Muda ukiisha, kampuni haiwezi kuchapa tena mpaka iombe upya kwa wenye nyimbo wote, na kati yao wengine wameuza kampuni zao, wengine wamekufa. Mmoja akikataa, mnyororo umekatika. Huwezi kumtoa wimbo mmoja katikati ya miksi ukaacha nyingine zilivyo, kwa maana viungo viwili vitakufa pamoja naye. Kwa hiyo albamu nyingi za miksi hazipatikani katika huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti, au zinapatikana nyimbo moja moja bila viungo, kama ile nakala yangu. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitangaza njia ya kutumia mashine za Shazam kutambua kila wimbo ulio ndani ya miksi ili wenye nyimbo wote walipwe. Hiyo yasaidia. Lakini CD iliyotoka zaidi ya miaka 20 iliyopita na ambayo haikuombewa ruhusa tena, imebaki katika makabati ya wanunuzi wake tu. Wakiitupa, imekwisha.

Nalijua hilo vizuri nilipokuwa nikienda nyumbani likizo na CD ya Kusini iliyokwaruzika ndani ya sanduku langu. Nilimwamkia mjomba, nikakaa, nikashindwa kusema. Mwishowe nilimpa CD zote mbili nikamwambia, "Shikamoo tena, mjomba, nimekukosea." Aliitazama ile ya Kusini upande wa chini, akaielekeza dirishani, akaona mkwaruzo. Hakusema kitu. Akaiweka katika mashine, akakaa kitini, nami nikasimama karibu na mlango.

Ilikwenda vizuri kwa muda mrefu, hata nikaanza kutumaini. Kisha ikafika mahali nyimbo mbili zilipokuwa zinaungana, na mashine ikaanza kugotagota: ta, ta, ta, ta. Nilitaka kuizima. Mjomba aliinua mkono kunizuia. Akaanza yeye mwenyewe kuuimba muungano ule kwa mdomo, besi kwanza, kwa sauti ya kifuani, huku vidole vyake vikipiga ngoma juu ya mkono wa kiti; kisha besi akaiacha, akaingiza kile kinanda cha wimbo wa pili kinachopanda polepole. Hakukosea mwendo. Alipofika mwisho wa fungu, mashine nayo ikaruka mkwaruzo, ikashika, na wimbo wa pili ukaingia chini ya sauti yake, karibu sawa kabisa na pale alipokuwa. Akanyamaza, akaiachia CD iendelee.

Ilipokwisha aliniambia, "Si neno, mjomba. Hiyo itabaki hapa nyumbani. Kaskazini rudi nayo shule, lakini mwenzako mwenye kompyuta asiiguse."

Basi Jumamosi ya pili ya muhula ujao, baada ya chakula cha jioni, Chama cha Muziki kitaipiga CD ya Kaskazini ukumbini, toka mwanzo hadi mwisho. Mlango utafungwa ikianza, na dakika za kwanza ni za kimya, kwa hiyo msidhani mashine imeharibika. Walioshinda mdahalo wamewekewa viti vya mbele.